Kipimo cha Mimba Kina Siku Yake



Juma hili twaandika juu ya kijiti kidogo kinachouzwa katika kila duka la dawa, ambacho mama zetu na dada zetu hukiomba kwa sauti ya chini na kukifunga kwenye pindo la leso kabla hawajatoka dukani. Ni kipimo cha mimba. Huenda baadhi ya wazee wetu wakashangaa kukiona kikitajwa katika ukurasa huu. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao, na maswali tuliyoletewa katika mwezi mmoja tuliokaa Lodwar na Kakuma yametuonyesha kwamba haya ikiwekwa mahali pasipo pake huweza kuvunja nyumba iliyosimama.

Tulikwenda huko Turkana kwa mwaliko wa kusomesha. Msafiri wa Pwani akishaiacha Kitale, akapita Kapenguria, akateremka Marich, akavuka Kainuk na Lokichar, hujiona ameingia nchi nyingine: mchanga, migunga, mikoma iliyojipanga kandokando ya mto Turkwel, na joto ambalo mchana hufika nyuzi 35 na kupita karibu mwaka mzima. Lodwar ina Waislamu wake, Waturkana wenyewe, Wasomali wa madukani, na vijana wetu wa Pwani waliopelekwa na kazi. Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 120 mbele yake, ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili: wa Sudan Kusini, wa Somalia, wa Kongo, wa Burundi, wa Ethiopia, wa Sudan. Katika darasa moja la jioni tulihesabu lugha sita, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kila mmoja akikisema kwa lafudhi ya kwao.

Tulikuwa tumejitayarisha kwa masomo ya twahara na swala. Tukaletewa mimba.

Swali lililotuchukua muda mrefu zaidi tuliletewa Kakuma, baada ya swala ya Isha, na kijana mmoja dereva wa lori. Kazi yake humtoa nyumbani miezi miwili kwa safari moja. Alikuja na mjomba wake, na mjomba ndiye aliyesema zaidi. Kijana alirudi safarini, akakaa na mkewe wiki mbili, kisha mama yake akanunua kipimo dukani akamtaka mkaza mwanawe apime. Kikatoka kistari kimoja, maana yake hapana mimba. Siku 17 baadaye mke, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akitapika kila asubuhi, akaenda kliniki, akapimwa tena, akaonekana ana mimba, na muuguzi akaandika katika kijitabu cha mama na mtoto: wiki 6. Mjomba alikifungua kijitabu mbele yetu akaweka kidole juu ya ile sita.

“Shekhe,” akasema, “mtoto wetu amerudi nyumbani wiki nne na siku tatu. Hizi nyingine ni za nani?”

Kijana hakuinua uso. Tuliona wazi kwamba neno moja likiteleza pale, talaka itatamkwa kabla ya alfajiri.

Tulianza na sheria, kwa sababu ulimi hutangulia hesabu. Tulimkumbusha mzee kwamba neno alilolikaribia lina adhabu yake katika Sura ya An-Nur kwa mwenye kulisema bila mashahidi wanne. Kwamba mtoto anayezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Na kwamba wanazuoni, kwa kuzikutanisha aya za Qur'ani zinazotaja muda wa mimba na wa kunyonyesha, wamekubaliana kuwa muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi sita tangu watu kuwa pamoja. Sheria peke yake ilikuwa imekwisha kumlinda mwanamke yule. Lakini mtu anaweza kunyamazishwa na sheria na moyo wake ukabaki na moto, na kijana alikuwa bado hajainua uso. Basi tukaingia katika hesabu.

Kliniki haihesabu mimba tangu siku mume na mke walipokutana. Haihesabu hata tangu siku yai lilipotoka, maana siku hiyo hakuna aiionaye. Huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo siku mwanamke anayoikumbuka, na desturi hii ni ya hospitali zote, za Kakuma, za Mombasa na za Ulaya. Hata mashine ya kupiga picha ya tumbo hutoa majibu kwa hesabu hiyohiyo. Kwa hivyo wiki mbili za mwanzo zinazoandikwa katika kijitabu ni wiki ambazo kwa kawaida mimba haikuwapo kabisa. Mimba ya wiki 6 ya muuguzi ni kiumbe cha wiki 4 hivi tumboni.

Tukamuuliza kijana: mkeo alianza hedhi yake ya mwisho lini? Akajibu mara moja, kwa sababu walikuwa wakizungumza kwa simu kila usiku: siku 11 kabla ya yeye kufika. Tukamwambia mjomba achukue tasbihi. Siku 11 kabla ya kurudi, na siku 31 tangu kurudi, ni siku 42. Siku 42 ni wiki 6 kamili. Mzee alizihesabu chembe mara mbili, kisha akakifunga kijitabu na kukirudisha kwa kijana kwa mikono miwili.

Lilibaki suala la kipimo cha kwanza. Kama mimba ilikuwapo, mbona kijiti kilikana? Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe tunalotaka msomaji alichukue nyumbani, na tutalieleza taratibu.

Yai la mwanamke hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Tumesema kabla ya ile inayofuata, si baada ya ile iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 huona hesabu zote mbili zikilingana, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21, na akijihesabia kwa mzunguko wa jirani yake atapotea. Yai likikutana na mbegu halitoi habari papo hapo. Husafiri siku kadhaa, kisha hujipandikiza katika ukuta wa mfuko wa uzazi. Ni baada ya kujipandikiza ndipo ile homoni ya mimba, wataalamu huiita hCG, huanza kuingia katika damu ya mama na kutoka kwenye mkojo wake. Kijiti hakitafuti mtoto. Kinatafuta homoni hiyo tu, na kabla haijafika kwa kiasi cha kutosha, kitasema hapana, na kitakuwa kinasema kweli juu ya mkojo na si juu ya tumbo.

Mwaka 1999 Allen Wilcox na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake waliokuwa wakitoa mkojo kila siku tangu kabla ya kushika mimba. Katika mimba zilizodumu, asilimia 84 zilijipandikiza siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kutoka. Nyingine zilitangulia hadi siku ya 6, na nyingine zikachelewa hadi siku ya 12. Mwaka 2001 wakaitumia hesabu hiyo kujibu swali ambalo kila mwanamke hujiuliza dukani. Siku ya kwanza ya kukosa hedhi, mimba moja katika kila kumi huwa bado haijajipandikiza. Kwa hivyo hata kijiti kilicho bora kuliko vyote duniani hakiwezi siku hiyo kushika zaidi ya asilimia 90. Ukingoja wiki moja baada ya siku hedhi iliyotazamiwa, hufika asilimia 97.

Mke wa dereva wetu alipimwa siku ya 25 ya mzunguko wake, siku tatu kabla ya hedhi kutarajiwa. Ikiwa yai lilitoka siku ya 14, basi zilikuwa zimepita siku 11 tu. Huenda mimba ilikuwa imejipandikiza juzi yake. Homoni hiyo katika siku za mwanzo huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au zaidi kidogo, na vijiti vingi vimeundwa kushika kiwango cha milliuniti 25 katika mililita moja ya mkojo. Chini ya hapo huwa kimya. Lau mama mkwe angengoja siku kumi, angekiona kistari cha pili kwa macho yake. Na tulimwonyesha mjomba jambo moja zaidi, ambalo lilimpendeza kwa kuwa alikuwa mtu wa hoja: kijiti kile alichokileta kuwa shahidi dhidi ya mwanamke, kwa kweli kilikuwa kikimtetea. Kama mimba ingekuwa ya kabla ya hedhi ile, siku ya kupimwa ingekuwa imepata karibu mwezi au zaidi, na homoni yake ingekuwa nyingi kiasi ambacho kijiti kisingenyamaza.

Wepesi huu wote, tukitaja kwa ufupi, ni wa juzi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Kiingereza, Lancelot Hogben, aliyekuwa akisomesha Cape Town, aligundua kwamba chura mmoja wa Afrika Kusini akidungwa kitu kinachofanana na homoni hiyo hutaga mayai. Na kwa miaka mingi hadi miaka ya 1960 hospitali za Ulaya na Marekani zilifuga vyura hao, zikiwadunga mkojo wa wanawake na kungoja saa kadhaa kuona kama chura atataga. Kipimo cha nyumbani kilibuniwa mwaka 1967 na Margaret Crane, mwanamke aliyekuwa mchoraji katika kampuni ya dawa huko Marekani na ambaye hakuwa daktari. Wakubwa zake hawakupenda wazo la mwanamke kujipima mwenyewe, na huko kwao kilingoja hadi mwaka 1977 kabla ya kuuzwa madukani. Tulipowasimulia wanafunzi wetu wa Lodwar habari ya chura walicheka sana, isipokuwa bibi mmoja mkunga aliyetuambia kwamba chura angalau hauzwi baada ya muda wake kwisha.

Alikuwa na haki. Kifuko cha kijiti kina tarehe, na pia kina maandishi madogo ambayo wachache huyasoma: kihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi 30. Sasa fikiri duka la mabati Lodwar saa nane mchana. Fikiri boda boda iliyobeba boksi la dawa kutoka Lodwar hadi Kakuma, mzigo ukiwa juani njia nzima. Kijiti kilichopikwa na jua hupungua nguvu ya kushika homoni, na mara nyingine hata kile kistari cha kwanza, cha kuthibitisha kuwa chombo kinafanya kazi, hakijitokezi. Kistari hicho kisipoonekana, hakuna jibu lolote, wala la ndiyo wala la hapana. Tupa, nunua kingine. Kinunue katika duka lenye kivuli na feni na lenye wateja wengi, kiweke nyumbani mahali penye baridi kuliko pengine, ndani ya kifuko chake kilichofungwa, na usikifungue ila wakati wa kukitumia. Ndugu zetu wa Lamu na Malindi wasidhani maneno haya ni ya Turkana peke yake. Kijiti kinachoachwa juu ya dashibodi ya gari Mombasa mwezi wa Februari kimepata hukumu hiyohiyo.

Namna ya kupima imeandikwa kwenye boksi nasi hatutairudia yote. Mkojo ulio bora ni wa kwanza baada ya usingizi wa usiku, kwa kuwa homoni imejikusanya. Mwenye kunywa vikombe vinne vya maji kwanza ili apate haja upesi ameuzimua ushahidi. Jibu lisomwe kwa dakika zilizoandikwa, aghalabu tatu hadi tano. Kijiti kilichotupwa kisha kikaokotwa saa mbili baadaye kikiwa na kivuli cha kistari cha pili hakina hukumu, maana mkojo ukikauka huweza kuacha alama. Kistari hafifu kilichojitokeza ndani ya muda wake, kikiwa na rangi, kwa kawaida ni mimba. Apime tena baada ya siku mbili au tatu. Na kwa kuwa sisi ni watu wa twahara, tuongeze la kwetu: kijiti kilichochovywa mkojo ni najisi. Bwana mmoja wa Lodwar alitujia msikitini kwa furaha akakitoa kijiti katika mfuko wa kanzu, kimefungwa kwa karatasi, na alikuwa amekwisha kuswali Adhuhuri nacho. Tulimpa pongezi, kisha tukamwambia airudie swala.

Hayo yote ni kwa mwanamke ambaye siku zake zinajulikana. Turkana ilitufunza kwamba wengi hawako hivyo. Mama anayenyonyesha huenda asione hedhi kwa miezi mingi, na huweza kushika mimba kabla hata ya kuiona ile ya kwanza. Mwenye kuchoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, akiiacha, hedhi yake huchelewa kurudi, wakati mwingine miezi mingi. Na iko sababu nyingine ambayo Pwani hatuitaji mara kwa mara: njaa. Katika ukame ulioshika tangu mwisho wa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo na mifugo ikafa, wako wanawake ambao miili yao ilidhoofika hata hedhi ikakatika. Mwanamke wa namna hiyo akiambiwa angoja wiki moja baada ya siku ya hedhi, atahesabu kutoka wapi? Kwake kanuni ni nyingine: apime zikipita siku 21 tangu mara ya mwisho alipokutana na mumewe, na jibu likiwa hapana, na hedhi bado haijaja, apime tena baada ya wiki moja. Likiwa hapana mara ya pili, aende akaonwe, kwa sababu mwili unadai kitu.

Wala si kila tumbo linalokua ni mimba. Turkana inajulikana na wataalamu kwa ugonjwa wa vifuko vya maji unaotokana na minyoo ya mbwa, na AMREF walikwenda huko miaka ya 1980 kupambana nao. Mgonjwa tumbo lake huvimba kidogo kidogo kwa miaka. Kijiti kikisema hapana huku tumbo likikua, heshima ya mwanamke huyo ni kupelekwa hospitali, na majirani waache kuhesabu miezi kwa vidole.

Tuje kwenye eda, maana Lodwar tuliulizwa juu yake zaidi ya mara moja na kwa maneno yanayokaribiana. Binti ameachwa, ndugu zake wana mchumba tayari na mifugo ya mahari imekwisha kutajwa. “Maalim, amepima, hana kitu. Eda ya nini tena?” Hoja hii tumeisikia hata Mombasa kutoka kwa watu waliosoma, wakidhani kwamba lau vijiti hivi vingekuwapo zamani, eda isingefaradhishwa.

Jibu letu ni kwamba kijiti hakifupishi eda hata kwa siku moja, kiseme kitakavyosema. Aliyeachwa na anayeona hedhi hungoja muda uliotajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 228, ambao sisi wafuasi wa Imamu Shafi'i twauhesabu kwa tohara tatu. Asiyeona hedhi kwa umri, miezi mitatu. Mwenye mimba, hadi azae. Na mjane, miezi minne na siku kumi. Kujua hali ya tumbo ni hekima mojawapo tu. Mjane wa miaka 70 hakai eda kwa kushukiwa mimba. Iko heshima ya ndoa iliyokwisha, iko haki ya marehemu, na katika talaka rejea iko nafasi ya mume kurudi, ambayo wengi wameitumia wakazaa watoto wengine watano. Na hata kwa mwenye kushikilia ile hekima moja, tumekwisha kueleza: kijiti cha siku chache baada ya talaka hakijui lolote, na cha siku ya kwanza ya kukosa hedhi hukosa mimba moja kati ya kumi. Ni nani atakayemwoza binti yake juu ya hesabu hiyo?

Hata hivyo kijiti kina kazi yake ndani ya eda, na kazi hiyo ni kubwa. Kikisema ndiyo, mambo hubadilika: eda hurefuka hadi kuzaa, na nafaka na makazi huwa juu ya mume hata kama talaka ni ya tatu. Aya ileile ya 228 imemkataza mwanamke kuficha alichoumba Mwenyezi Mungu tumboni mwake. Kwa mjane, mtoto aliye tumboni ni mrithi. Tulimsikia mjane mmoja kijana Kakuma ambaye shemeji zake walitaka kugawa duka la marehemu katika juma la pili la msiba, kwa kuwa alikuwa amepima na kijiti kikawa na kistari kimoja. Tukawataka wangoje, apime tena siku zake zikipita, kisha athibitishwe hospitalini, ndipo waende kwa Kadhi. Duka halikuwa na miguu. Walinuna, lakini walingoja. Na mwezi uliofuata kijiti kikaonyesha vistari viwili, fungu la mtoto likawekwa kando.

Jambo la Ramadhani twalitaja kwa uchache kwa kuwa fatwa yake inajulikana. Mwenye mimba akihofia nafsi yake au mtoto, ana ruhusa ya kula, na atalipa. Na kwetu sisi Mashafi'i, akiwa amehofia mtoto peke yake, hulipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Lakini ruhusa humfaa anayejua kuwa ni mja mzito. Katika joto la Lodwar tulikuta wanawake waliofunga siku kumi wakizimia, wakidhani ni kiu tu. Mwenye kutaka kupima katika mwezi huo na apime anapoamka kwa daku, kabla hajagusa maji.

Na wale wanaopima mapema mno wajue kwamba haraka ina hasara ya upande wa pili pia. Utafiti mwingine wa Wilcox na wenzake, wa mwaka 1988, ulionyesha kwamba asilimia 22 ya mimba zilizojipandikiza ziliondoka zenyewe kabla hata ya kutambulikana kikawaida. Zamani mama alidhani hedhi imechelewa siku tatu, akaendelea na shughuli zake. Leo yuko anayepima siku nne kabla ya wakati, akaona vistari viwili, akampigia simu mama yake, akamwambia mumewe, na baada ya juma damu ikaja. Mama mkwe akauliza amebeba nini kizito, amekula nini, ametiliwa nini na nani. Hakubeba kitu. Mimba za namna hiyo nyingi huwa hazikutimia tangu mwanzo wa maumbile yake, na kumtafutia mwanamke kosa, au kumtafutia mchawi, ni kumzidishia msiba.

Kistari cha pili kikithibitika, asikae nacho nyumbani hadi tumbo lionekane, kama tulivyoona kwa wengi. Shirika la Afya Duniani latoa mwito kwamba ziara ya kwanza ya kliniki iwe kabla ya wiki 12. Lodwar iko hospitali ya rufaa ya kaunti, na Kakuma ziko zahanati ndani ya kambi na nje yake. Wanaokaa mbali na mji wana wahudumu wa afya wa kijamii wanaowafikia mabomani. Akifika amtajie muuguzi siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na amweleze mumewe hesabu ya kijitabu ilivyo kabla mjomba hajaifungua. Akipewa dawa yoyote mahali popote, ya minyoo hasa, ambayo haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, aseme kwanza kuwa ana mimba au huenda anayo. Na ikiwa kijiti kimesema ndiyo kisha akaona damu, au akasikia maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, au kizunguzungu cha kuzimia, huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Hapo hakuna kungoja asubuhi wala kutafuta ruhusa ya aliye safarini. Atafutiwe gari usiku uohuo, na nauli ijadiliwe baadaye.

Wallahu aalam.